Naisikia mimi, ukumbi hausikii

Shangazi wa bibi harusi alishika maiki kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza. Nilimsikia vizuri. Sauti yake ilikuwa ndani ya hedifoni zangu, nzito na tamu, ingawa ilikuwa na ugeni fulani, kana kwamba mwimbaji anatembea akikizunguka kichwa changu. Sikujali. Nilikuwa natafuta kwenye kinanda changu kii yake, yaani ngazi ya sauti anayoimbia, maana alianzia alikotaka mwenyewe, na nilipoipata nikajisifu moyoni. Ubeti wa kwanza ulipokwisha nikainua macho. Watu wamekaa kimya wanamtazama mdomo, kama watu wanaotazama televisheni iliyozimwa sauti. Mama mmoja wa meza ya mbele ameweka kiganja nyuma ya sikio. Mwisho wa ukumbi, fundi mitambo amesimama ananipungia mkono mzima.

"Kaka, maiki!"

"Ipo! Naisikia!"

"Huku haipo!"

"Ipo bwana, si naisikia!"

Tulibishana hivyo ubeti mzima wa pili, mimi mkono wa kushoto ukiendelea na mdundo, yeye akipandisha na kushusha kila alichonacho kwenye mikisa yake, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Kila mmoja alimwona mwenzake mwongo. Shangazi wa watu aliimba beti tatu kwa viziwi, akapigiwa vigelegele vya huruma, na mwishowe MC akamwazima maiki yake akamalizia nayo. Kinanda chenyewe muda wote huo kilisikika ukumbi mzima, ngoma na besi na vyote. Kilichopotea ni shangazi peke yake.

Nilikuja kuelewa siku mbili baadaye, kwenye kibanda cha fundi wa redio Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, kwa penseli na kipande cha boksi. Ila haikuwa mara yangu ya kwanza kuaibishwa na maiki, na aibu za mwanzo ndizo zilizonifikisha kwa fundi yule, kwa hiyo nianzie huko.

Kinanda changu ni mtumba kilichoshuka na kontena kutoka Dubai, bila kitabu cha maelezo na bila kifuniko cha betri. Nilikipendea jambo moja: nyuma kina tundu la maiki. Kwa mtu anayepiga peke yake kwenye harusi, tundu lile ni sawa na kuajiri nusu ya bendi. Ngoma, besi, gitaa la bandia na mwimbaji, vyote vinapita ndani ya kinanda na kutoka kwa waya mmoja kwenda kwenye mitambo ya ukumbi. Najua wazee wa Tanga hawafurahii. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya zamani, watu waliojaza jukwaa kwa magitaa na akodioni. Mzee mmoja aliwahi kuniambia usoni, "Nyie mnapiga umeme, sisi tulipiga muziki." Nikamwamkia, nikaendelea kufunga waya zangu. Wenye harusi siku hizi wanalipa mtu mmoja.

Maiki yangu ya kwanza ilikuwa ya bei chee, waya umeunganishwa moja kwa moja mwilini mwake, na ilifanya kazi miezi kadhaa bila kelele. Hiyo ndiyo iliyonipumbaza. Niliamini maiki ni kitu cha kuchomeka na kuimba.

Mara ya kwanza iliponyamaza nilihangaika saa nzima ndani ya menyu za kinanda, nikabadilisha lugha ya kioo kwa bahati mbaya, nikafuta mdundo niliokuwa nimeutengeneza usiku kucha. Kosa lilikuwa nyuma ya kinanda: kitufe kidogo cha kuzungusha, kando ya tundu la maiki, kilikuwa kimerudi sifuri wakati nakiingiza kinanda kwenye begi. Juu ya kinanda kuna taa ndogo inayowaka kijani maiki ikipata sauti, na nyekundu sauti ikizidi. Sikuwa nimewahi kuitazama. Siku hizi ndiyo ninayoitazama kwanza. Mtu akisema "alo" na taa haikuwaka, kosa liko kabla ya kinanda au hapo mlangoni: swichi ya maiki yenyewe, waya, au kitufe kile cha nyuma. Ikiwaka na spika kimya, maiki na waya wake havina hatia, shughulika na mbele. Hii taa ingeniokolea ule mdundo.

Na swichi ya maiki msiidharau. Nimeshawahi kubadilisha waya mbili mbele ya kamati ya harusi, jasho linanitoka, kisha mtoto wa miaka saba akaja akasukuma kiswichi kwa kidole gumba akasema "alo." Ndiyo maana napenda maiki zisizo na swichi kabisa.

Lakini lililonitesa zaidi kuliko yote lilikuwa hili. Kinanda changu kina vitufe vya kumbukumbu. Unapanga sauti, mdundo na kasi ya wimbo, unahifadhi, halafu siku ya shughuli unabonyeza namba tu. Nilikuwa nimepanga nyimbo nne. Kwenye wimbo wa kwanza na wa pili maiki iko sawa. Nikifika wa tatu, inakatika. Nikiinama kutikisa waya, nikichomoa na kuchomeka, haiji. Nikiona hali mbaya narudi kwenye wimbo wa kwanza, inakuja. Kwa hiyo nikaamini ni waya, kwamba ule mtikiso wangu umeitibu kwa kuchelewa. Nikanunua waya mpya. Ikakatika. Nikaazima maiki nyingine. Ikakatika. Nilikwenda hivyo wiki tatu na shughuli nne, nikafikia kumwambia mke wangu kwamba wimbo ule wa tatu una nuksi. Hakucheka.

Jibu nililipata nyumbani usiku, nafanya mazoezi bila haraka. Nilibonyeza tatu, nikaona kwenye kioo alama ndogo ya maiki imebadilika rangi. Nikabonyeza moja, ikarudi. Siku niliyohifadhi wimbo wa tatu nilikuwa nimezima maiki, labda kwa sababu watoto walikuwa wamelala, na kinanda kikahifadhi na hilo pia. Kila nilipoita kumbukumbu ya tatu kilifanya nilichokiagiza: kilizima maiki. Kuna sehemu kwenye menyu ya kukiambia kisiguse mipangilio ya maiki hata ukibadilisha kumbukumbu, ni kama kuigandisha. Nimeigandisha tangu siku ile. Ukiona maiki inakatika mahali pale pale kwenye ratiba yako, wimbo ule ule, kitufe kile kile, waya muache apumzike. Waya mbovu hajui wimbo wa ngapi.

Kinyume chake nacho kilinitokea, yaani maiki kusikika kupita kiasi. Kinanda kina ujanja wa kumwongezea mwimbaji waitikiaji: ukishika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto, chenyewe kinatengeneza sauti nyingine mbili tatu juu ya sauti ya mwimbaji. Kwenye kiitikio ni raha tupu. Sasa baba wa bibi harusi akaombwa aseme neno. Akapewa maiki ile ile. Mimi nikawa napapasa kodi taratibu chini yake, kama tunavyofanya, ili hotuba iwe na ladha. Mzee akasema, "Mwanangu, leo unaondoka nyumbani kwangu," na spika zikatoa baba mmoja na wanawake watatu. Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akadhani wanamcheka kwa machozi yake, akanyamaza. Kitufe cha kuzima vile vionjo mtu akitaka kuongea kilikuwa sentimita kumi kutoka kidole changu, kimeandikwa neno la Kiingereza la "kuongea," na nilikuwa sijawahi kukigusa. Nilimwendea mzee baada ya chakula kumwomba radhi. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, ulinipa wake watatu kwa dakika moja, mama yao bado hajanisemesha." Mungu ambariki.

Katikati ya hayo rafiki yangu mwenye studio akaniazima maiki yake ya kondensa, ile wanayorekodia. Niliipeleka kazini kwa majivuno. Kimya cha jiwe. Maiki za kawaida za jukwaani, za dainamiki kama ile SM58 ya Shure inayouzwa tangu mwaka 1966, zinajitengenezea umeme wake kwa sauti ya mwimbaji. Koili ndogo inatikisika ndani ya sumaku na basi. Kondensa ya studio inataka kulishwa volti 48 kupitia waya ule ule wa sauti. Mikisa nyingi zina kitufe cha kuitoa. Tundu la kinanda changu haliitoi, na hakuna menyu wala adapta ya jeki, ile plagi ya sauti ya mguu mmoja, itakayoileta. Nikairudisha kesho yake, nikamwambia mwenye studio kwamba waimbaji wameipenda sana.

Basi ndiyo nikaanza kwenda kwa yule fundi. Kibanda chake kiko kwenye mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, kati ya muuza vitumbua na duka la kanga, na kimejaa redio zilizokufa kabla sijazaliwa. Mara ya kwanza nilimpelekea kinanda chenyewe, nimekibeba begani kwenye jua, kwa sababu maiki ilikuwa inakata-kata na mimi nilikuwa nimeshajiridhisha kwamba kinanda kimekufa. Hakukigusa. Alisema, "Shikamoo ya mpita njia hairudishwi kwa mwenye nyumba. Waya uko wapi?"

Waya niliuacha nyumbani. Akanirudisha kuufuata.

Niliporudi aliushika mahali unapoingia kwenye plagi, akaupinda kidogo kwa kidole, akauachia, akaupinda upande mwingine. "Hapa," akasema, kabla hata hajapima. Akafungua plagi ya upande wa maiki, ile nene yenye miguu mitatu, akanivuta karibu na taa. Kando ya kila mguu kuna namba imechorwa ndogo kiasi kwamba nilikuwa nimetumia plagi hizo miaka bila kuziona: 1, 2, 3. Mguu wa kwanza ni wa arthi, ile nyavu ya shaba inayozunguka waya. Wa pili na wa tatu ndio wanaobeba sauti. Kwenye mguu wa pili uzi wa shaba ulikuwa umebaki unywele mmoja, umeshikilia donge la risasi ya kulehemea kama mtu anayening'inia kwenye mlango wa daladala. Ukinyooka unagusa, ukipindika unaachia.

Akaweka tester kwenye mlio, akagusa mguu wa kwanza huku na wa kwanza kule: pii. Wa tatu: pii. Wa pili: pii, kimya, pii, kadiri nilivyoutikisa. Akakata waya sentimita tano nyuma ya jeraha, akalehemu upya, akakaza kile kibanio cha ndani kinachoshika ngozi ya waya. Kibanio kile ndicho nilichokuwa nimekilegeza mwenyewe miezi ya nyuma kwa udadisi. Mvutano wote ukawa unabebwa na risasi badala ya ngozi. Kazi nzima haikufika dakika kumi, na nikabeba kinanda changu begani kurudi nacho, kizima kama nilivyokuja nacho.

Sasa turudi kwa shangazi. Siku ile mikisa ya ukumbi ilikuwa na njia moja tu nzima iliyobaki. Kwa hiyo nilifanya kama kawaida yangu, vyote vipite kwenye kinanda na kitoke kwa waya mmoja kutoka tundu la kushoto, lile lililoandikwa L/MONO. Maiki ya MC, ya waya, nikaichomeka kwenye tundu la maiki. Shangazi akaletewa maiki isiyo na waya, ya kuazima, na kipokezi chake kina tundu la miguu mitatu nyuma. Tundu la maiki limeshajaa. Likabaki la AUX, lile la kuingizia muziki wa simu. Nilikuwa na waya wenye plagi ya miguu mitatu upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili, nikaongeza adapta ya kufanya jeki ya milimita 6.35 iwe ya 3.5, ikaingia kama imezaliwa pale. Nikajaribu kwa hedifoni, sauti nzuri. Hedifoni huwa navaa kwa sababu zikichomekwa spika za kinanda zinazima zenyewe, na spika zile zikiwaka karibu na maiki zinaleta miluzi. Nikamwambia fundi mitambo, "Tayari."

Nilimweleza fundi wa Ngamiani yote hayo. Akaniuliza swali moja.

"Ulijaribia wapi?"

"Kwenye hedifoni."

"Na wageni walivaa hedifoni?"

Kisha akaomba waya. Safari hii nilikuwa nao. Akaniwekea jeki mbele ya macho. "Hesabu mistari myeusi." Miwili. Akachukua jeki nyingine, ya gitaa. Mmoja. Yenye mstari mmoja ina sehemu mbili, ncha na shina. Yenye mistari miwili ina sehemu tatu: ncha, pete, shina. Nilikuwa nayajua hayo kama mtu anavyojua tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, halijawahi kunisaidia.

Akachukua kipande cha boksi akachora wimbi, akaandika 2. Chini yake akachora wimbi lile lile limegeuzwa, panapopanda hili lile linashuka, akaandika 3. Miguu ya pili na ya tatu, alisema, inabeba sauti ile ile, ila mmoja umegeuzwa. Mwisho wa safari mikisa inachukua wa pili inatoa wa tatu. Kelele zilizoingia njiani zimeingia kwa wote sawasawa, zikitolewa zinafutana. Sauti imegeuzwa upande mmoja, ikitolewa inajumlika. Ndiyo maana waya wa maiki unaweza kupita mita thelathini chini ya viti vya watu na usikorome.

"Sasa wewe umempeleka AUX. AUX hajui habari za kutoa. AUX ni ya muziki wa simu: ncha ni sikio la kushoto, pete ni sikio la kulia. Umempa kushoto shangazi, kulia umempa shangazi aliyegeuzwa."

"Ndiyo maana nilimsikia."

"Masikio mawili, kila moja na wake. Na alikuwa anakuzunguka kichwa, siyo?"

Sikuwa nimemwambia habari ya kuzunguka kichwa.

"Halafu ukatoa waya mmoja. Kinanda kikiona waya mmoja kwenye tundu hili kinafanya nini?"

Kinajumlisha. Ndiyo maana ya lile neno MONO. Kinachukua kushoto na kulia kinavimwaga pamoja ili usipoteze kitu. Piano yangu na ngoma zangu zilijumlishwa zikatoka. Shangazi alijumlishwa na shangazi aliyegeuzwa. Fundi akaweka penseli kati ya mawimbi yake mawili akachora mstari mnyoofu, mrefu, mpaka ukingo wa boksi. "Huyu ndiye aliyeimba ukumbini," akasema.

Nilitazama ule mstari muda mrefu. Fundi mitambo alikuwa kweli hana kitu kwenye njia yake. Mimi kweli nilikuwa nasikia. Maiki nzima, waya mzima, kinanda kizima, mikisa nzima, na mama wa watu akaimba hewani.

Dawa yenyewe ilikuwa kwenye kipokezi kile kile, tundu la pili la jeki kubwa kando ya lile la miguu mitatu. Waya wa mstari mmoja kutoka hapo kwenda tundu la maiki la kinanda, sauti ya kipokezi ikishushwa ili taa isiwe nyekundu, na MC apokezane na shangazi maiki hiyo hiyo. Hata ile AUX, alinionya, nisiizoee. Inasubiri sauti yenye nguvu ya karibu volti moja, kama ya simu au redio. Maiki ya waya inatoa milivolti chache tu. Ukiichomeka humo utapata mnong'ono, utapandisha kila kitu mpaka mwisho, na utakachopandisha zaidi ni shhhh. Kipokezi kilisikika kwa sababu chenyewe kilishaikuza.

Kuhusu miluzi sina siri kubwa. Maiki ikisikia spika, spika ikairudia, vikaanza kuzungushana, unapata ule mlio unaofanya bibi wa watu aangushe sahani. Spika ziwe mbele ya mwimbaji, maiki izipe kisogo, na mwimbaji asikumbatie kile kichwa cha nyavu kwa kiganja kama wanavyofanya vijana wa bongofleva, kwa sababu maiki iliyoundwa isisikie ya nyuma yake, ukiifunika, inasahau nyuma ni wapi. Na ule mwangwi wa kwenye menyu upunguzwe. Kila mwimbaji anauomba uongezwe. Mimi hujifanya nimeongeza. Na ukisikia tititi-tititi kwenye spika, kuna simu imelala juu ya kinanda, na mara nyingi ni ya kwako.

La kukoroma ndilo ninalolisema kwa aibu, maana hapo ningeweza kuua mtu. Muheza, jenereta, spika zinakoroma mmmm mfululizo. Kuna mjuzi mmoja alinifundisha kwamba ukikata waya wa arthi kwenye ekstensheni mkoromo unaisha. Nikaukata. Mkoromo ukaisha, nikaonekana fundi. Wimbo wa pili mwimbaji akaruka nyuma akashika mdomo. "Inaning'ata," akasema. Nikamwambia ni jasho. Akagusa tena kwa mdomo, ikamng'ata tena, safari hii nikaona kwa macho yangu midomo yake inavyotetemeka. Nilizima kila kitu. Umeme uliokuwa unavuja kidogo kidogo kwenye vyuma vya mitambo, njia yake ya kwenda ardhini nilikuwa nimeikata mimi, na ukapata njia nyingine kwenye midomo ya mtu. Tanzania umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Kwenye jukwaa lenye unyevu, na msichana amevua viatu.

Niliirudisha arthi usiku ule ule, mkoromo ukarudi, na tukapiga shughuli nzima na mkoromo wetu. Baadaye nilijifunza kuchomeka kinanda na mikisa kwenye chanzo kimoja cha umeme, ekstensheni moja yenye arthi, badala ya kimoja kupata umeme wa jukwaani na kingine wa jikoni. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Pale lisipotosha, bora tukorome.

Kinanda chenyewe, baada ya lawama zote nilizokibebesha, kimekosea mara moja. Tundu la maiki lilianza kukwaruza hata kwa waya mzima. Fundi alikifungua, ndani tukakuta risasi inayoshika tundu kwenye bodi imepasuka kwa mduara, na tundu lenyewe lina ukijani wa chumvi ya bahari. Chumvi ni ya Tanga. Kupasuka ni kwangu: miaka nilikuwa nauacha waya uning'inie kutoka nyuma ya kinanda mpaka chini, na kila aliyepita kutunza alijikwaa. Sasa nauzungusha kwenye mguu wa stendi mara mbili kabla haujashuka. Wa kujikwaa anavuta stendi.

Mwezi uliopita yule shangazi alikuwa kwenye shughuli nyingine, ya mpwa mwingine. Aliponiona alisimama.

"Ni wewe tena?"

"Shikamoo shangazi. Ni mimi."

"Marahaba. Leo nitasikika?"

Nilimpa maiki. Akasema "alo, alo," taa ikawaka kijani, sauti ikaja safi masikioni, katikati kabisa ya kichwa. Nikavua hedifoni. Nikashuka jukwaani, nikapita meza za mbele, meza za kati, fundi mitambo na mikisa yake, nikatoka kwa mlango wa nyuma mpaka uani, walipokuwa wanapika. Mpishi wa pilau alikuwa amewapa mgongo wote, anageuza sufuria.

"Mama, unamsikia anayeongea ndani?"

Hakugeuka. Aliinua mwiko juu, akauchezesha kwa mdundo wa shangazi, akaurudisha sufuriani.